Mkono wa Bi Nashami

Treni ya tatu ilikuwa imeshaanza kusogea, magurudumu yanalalama juu ya reli, Yusta Kerone alipotokea mbio kando ya behewa la mwisho. Kwa mkono mmoja ameshika kanga kiunoni isimdondoke, kwa mkono wa pili anampungia Lwitiko, fundi wa lango. Watu madirishani walidhani ameachwa na treni. Wakaanza kumcheka na kumpigia makofi.

"Kaza mwendo, mama! Ya nne inakuja!"

Yusta hakuwatazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka langoni, akamshika Lwitiko kwenye kiwiko.

"Fundi, njoo pembeni."

"Dada, foleni ya treni ya nne hiyo inapangwa."

"Njoo, nakuambia."

Walisimama nyuma ya matangi ya maji ya kunywa. Ng'ambo ya uzio, ziwa la magadi lililokuwa likimeza nchi ya Wamweto tangu mwaka juzi lilikuwa limefika kwenye nguzo ya pili ya umeme. Jana lilikuwa nguzo ya tatu. Maji yenyewe yana rangi ya chai ya rangi, na harufu yake inakaa kooni.

"Bibi amekata roho," Yusta alisema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Nilikuwa namnywesha uji. Kijiko cha pili hakukimeza." Alijifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Nimemfunika shuka. Muuguzi nimemwambia amelala. Hajui mtu. Ni wewe na mimi."

Lwitiko alitazama lango. Alilijenga yeye. Miimo miwili ya chuma na kioo cha kimo cha mtu, basi. Ukisimama mbele yake jina lako linajitokeza kwa maandishi ya lugha yako. Unalisoma mwenyewe, unalikubali kwa mdomo wako, ndipo mlango wa behewa unafunguka. Sheria hiyo ilitungwa baada ya mafuriko ya kwanza, watu walipohamishwa kwa majina wasiyoweza kuyasoma, wake wakapelekwa huku na waume kule, na wapo waliozikwa kwa jina la mtu aliyekuwa bado anakula na kunywa. Tangu hapo hakuna anayehamishwa bila kulisoma jina lake.

Wamweto waliongeza la kwao. Mmweto akishaliona jina lake kwenye kioo huuliza, "Mkono u hai?" Na aliye langoni humjibu, "U hai." Hapo ndipo anakubali.

Kwa sababu kwao maandishi hayatoki hewani. Yupo aliyeandika, na aliyeandika ni shahidi. Mwandishi akifa, ushahidi wake umekwisha. Kila alichokiandika hunakiliwa upya na mrithi wake, siku arobaini usiku na mchana, kisha nakala za zamani huzikwa. Jina lililobaki kwa mkono wa maiti ni mtu aliyeitwa kutoka kaburini, na anayeitwa siku moja huitika. Lwitiko hakuwa Mmweto. Alizaliwa Tukuyu, akakulia popote palipokuwa na kazi. Alikuwa ameona watu wakiamini mambo mengi na hakuwa na tabia ya kuwabishia.

Na mkono wote wa Wamweto, kila herufi iliyowahi kuonekana kwenye kioo, simu au kibao cha barabarani, ulikuwa mkono wa mtu mmoja. Bi Nashami.

"Na wako?" Lwitiko alimuuliza Yusta. "Wewe si mrithi? Mkono wako uko wapi?"

"Haupo."

"Miaka ishirini unajifunza kwake!"

"Ningeandikaje herufi zote naye yu hai, fundi? Hiyo ni kumchimbia mtu kaburi anakuona." Yusta alianza kulia, kimya kimya, huku anaendelea kusema. "Nazijua zote. Mia mbili na kumi na nne, na viungo vyake. Hakuna hata moja niliyoiandika mpaka mwisho. Kila moja naiacha mkia. Ndivyo tunavyofanya."

Lwitiko alilijua hilo, na hilo ndilo lililomuuma. Miaka saba nyuma alimshauri Bi Nashami waweke mkono wa pili wa akiba. Bibi hakuzungumza naye mwezi mzima.

*

Mkuu wa kituo, Bwana Chambulikazi, ofisi yake ilikuwa kontena lenye feni moja. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mnene, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akazima redio ya upepo.

"Hebu nielezeni kama mnamweleza shemeji yenu wa shamba. Bibi amefariki, poleni sana. Lango linahusikaje?"

"Mashine haijui herufi, mkuu," Lwitiko alisema. "Inajua namba. Kila herufi ya dunia hii ina namba yake. Ukifungua kihariri, ile programu ya kuandikia, ukaandika jina, kinachowekwa ni namba tupu. Sura ya herufi iko kwenye fonti, yaani ghala la sura. Sasa kihariri kinapotaka kukuonyesha, kinajiuliza, namba hii ni ya maandishi ya kina nani? Na aliyeandika alisema ni lugha gani? Kikishajua, kinashuka ngazi. Fonti ya kwanza, unayo sura hii? Sina. Ya pili, unayo? Sina. Ya tatu..."

"Mpaka?"

"Mpaka apatikane mwenye nayo. Herufi za serikali zina fonti maelfu, ngazi yake haina mwisho. Ya Wamweto ina kidato kimoja. Bi Nashami. Chini yake ni kisanduku."

"Kisanduku gani?"

Lwitiko aligeuza kompyuta yake, akaandika jina la Yusta, akaifunga fonti kwa kidole. Kwenye skrini pale palipokuwa na maandishi mazuri yenye mikia ya kupinda, zikabaki pembe nne, pembe nne, pembe nne. Yusta aliangalia pembeni.

"Vibanda visivyo na mlango," alisema. "Ndivyo tunavyoviita."

"Na lango likiona vibanda?"

"Linafunga," Lwitiko alisema. "Haliwezi kumtaka mtu akubali asichoweza kukisoma."

Chambulikazi alifikiri. Hakuwa mjinga.

"Wasuro wa ng'ambo ya ziwa si wanatumia herufi hizihizi?"

"Namba ni zilezile, sura mbalimbali. Wao wanalaza, hawa wanasimamisha. Na fonti yao haitoki mpaka niandike kwenye kila jina kwamba lugha ya huyu mtu ni Kisuro. Nikishaandika hivyo, treni inawapeleka kwenye uwanda wa Wasuro."

"Wasuro!" Yusta alisema. "Waliotufungia kisima mwaka mzima? Afadhali maji yatukute hapa."

"Herufi za serikali basi," Chambulikazi alisema. "Watu wapite, wasalimike, mengine baadaye."

"Wakipita kwa hizo wanaingia orodha ya jumla, mkuu," Lwitiko alisema. "Unajua mwenyewe. Mmoja anapelekwa bandarini, mwingine machimboni, popote penye chumba. Uwanda wa Mweto umetengwa kwa waliopita kwa Kimweto. Tukifanya hivyo, kesho hakuna Wamweto. Kuna watu tu waliotoka upande huu."

Ilibaki dawa moja, na Lwitiko hakutaka kuitaja, lakini Chambulikazi aliijua kwa sababu ilikuja na barua ya makao makuu. Iliitwa Mkisiaji. Ni programu inayoziangalia sura za fonti moja, inajifunza tabia zake, kisha inatoa mkono mwingine unaofanana nao kama ndugu. Waliiwasha. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Herufi mia mbili na kumi na nne, safi, hazina doa.

Yusta alisogea karibu na skrini, akazitazama moja moja.

"Zinapendeza," alisema. "Ni nani huyu?"

"Si mtu, dada. Ni hesabu."

"Nikiulizwa mkono u hai, nijibu nini? Kwamba haujazaliwa?"

Nje mtu alikuwa anaita majina ya treni ya nne kwa kipaza sauti.

"Sikilizeni," Chambulikazi alisema, sauti ameishusha. "Acheni mkono wa bibi pale pale ulipo. Nani anajua? Wewe na huyu mama."

"Na wewe sasa."

"Mimi sijasikia kitu. Sikio hili liliharibika jeshini." Aliwasha redio tena. "Maji hayasubiri mila ya mtu, fundi. Treni ya sita inaondoka saa kumi. Baada ya hapo reli inakatwa, nina amri. Mkishafika salama, zikaneni, lianeni, andikianeni."

*

Miaka kumi na moja nyuma, Lwitiko alikaa siku kumi na tisa kwenye mkeka nyumbani kwa Bi Nashami. Bibi anaandika kwa kalamu ya tete juu ya kioo, yeye anachukua sura, anaisafisha, anaipa namba yake, anapima nafasi ya huku na huku. Herufi za Mweto hushikana. Ya mwanzo wa neno ina sura yake, ya katikati yake, ya mwisho yake. Alikuwa ametengeneza fonti za watu wengi, za wachungaji na za watawa, na hakuna aliyemsumbua kama yule bibi. Alikuwa anaifuta herufi nzima kwa sababu amepiga chafya.

Siku ya mwisho, kabla ya kumpa kioo cha mwisho, alikishikilia kifuani.

"Kijana." Lwitiko wakati huo alikuwa na miaka hamsini. "Nikifa uniondoe siku hiyohiyo. Usiniache nasimamia mambo nisiyoyaona."

"Nimekubali, Bibi."

"Sema vizuri."

"Nitakuondoa siku hiyohiyo."

Ndipo akampa.

Sasa alirudi langoni akiwa na ufunguo wa ngazi mfukoni, ule wa kuweka na kutoa fonti. Alikuwa peke yake duniani mwenye nao. Walipatana na Yusta hivi. Yusta arudi hemani, akae karibu na maiti, aanze kuandika, kwa sababu mrithi huanza hapo. Lwitiko asimame langoni mpaka treni ya sita iondoke. Watu wakishafika uwandani, waambiwe.

Wa kwanza wa treni ya nne alikuwa fundi cherehani, amebeba kichwa cha cherehani mgongoni kama mtoto. Jina lake likatokea kwenye kioo. Akalisoma kwa kidole.

"Mkono u hai?"

Lwitiko alikuwa amejibu swali hilo mara mia nne tangu asubuhi bila kuliwazia.

"U hai," alisema.

"Nimekubali." Mlango ukafunguka. Mtu yule akageuka. "Msalimie Bibi. Mwambie jina langu kaliandika zuri kuliko mimi mwenyewe."

"Nitamwambia."

Wa pili, wa tatu. Mwanamke na wanawe watano, akauliza mara tano, moja kwa kila mtoto, wa mwisho akiwa mgongoni amelala. U hai. U hai. Lwitiko alitarajia uongo ungekuwa mzito mwanzoni kisha uwe mwepesi. Haikuwa hivyo. Ulibaki na uzito uleule, kama ndoo, na kila mtu alimkabidhi ndoo yake. Treni ya nne ikaondoka. Ya tano ikajaa saa sita na nusu, jua la utosi, ikaondoka nayo. Watu wanaimba ndani. Wamweto wakisafiri wanaimba nyimbo za matusi, na siku hiyo waliyatukana maji.

Alihesabu: mia mbili na sitini. Wote aliwaangalia machoni.

*

Treni ya sita ilikuwa na watu mia moja thelathini na mmoja. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bi Sereni.

Bi Sereni alikuwa mdogo wake Bi Nashami, baba mmoja mama mmoja, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, aliyewahi kumfukuza mchumba wa mtu kwa kumwiga tu anavyotembea. Begani alikuwa na furushi, mkononi mwavuli mweusi. Nyuma yake alisimama mjukuu wao wa pekee, fundi wa magari, mwenye miaka thelathini na grisi ambayo haikutoka kwenye kucha hata siku ya kuhama. Naye aliitwa Nashami. Ukoo mzima yeye ndiye pekee aliyepewa jina la bibi.

"Fundi Lwitiko," Bi Sereni alisema. "Umekonda. Wamekunyima chakula au ni dhamira?"

"Jua, mama."

"Jua halikondeshi mtu. Huyo Yusta wenu ananizuia nisimwone dada yangu tangu asubuhi. Eti amelala. Nashami halali mchana tangu azaliwe, alisema mchana ni wa wavivu na wa paka." Alijisogeza mbele ya kioo. Jina lake likatokea, refu, lenye ule mkia wa mwisho aliokuwa Bi Nashami akiuzungusha mara mbili kwa ajili ya mdogo wake tu. Lwitiko aliukumbuka. Bibi alisema, huyu mwache hivi, mdogo wangu anapenda kujionyesha.

Bi Sereni aliliangalia jina muda mrefu. Kisha akamgeukia.

"Mkono u hai?"

Lwitiko alifungua mdomo. Nyuma yao watu walikuwa wanasukumana na mizigo, mbuzi wa mtu analia, Chambulikazi anapiga filimbi. Maji yalikuwa yamefika kwenye nguzo ya kwanza.

"Fundi. Nimekuuliza."

"Hauko hai, mama," alisema. "Tangu saa tatu."

Neno lilirudi nyuma kwenye foleni, mtu hadi mtu, na kelele ikafa kwa kufuata lile neno mpaka akabaki mbuzi peke yake. Bi Sereni alilitua furushi chini, akakaa juu yake.

"Na wale wa treni mbili?"

"Niliwaambia u hai."

"Wote?"

"Wote."

"Wamepanda." Alikuwa kama anajieleza mwenyewe. "Wamepanda na mkono wa maiti, wanaimba." Akanyanyua uso. "Ondoa."

"Mama, nikiondoa lango linafunga."

"Alikuambia nini siku ile? Nilikuwa jikoni, nilisikia. Ondoa."

Lwitiko alitoa ufunguo. Kazi yenyewe ni ndogo, unaingia kwenye ngazi, unagusa kidato, unakubali mara mbili. Kwenye kioo, jina la Bi Sereni likawa vibanda. Kwenye orodha ukutani majina yote yakafuata, moja baada ya lingine, kutoka juu kushuka chini. Na maelfu ya mahali pengine ambako hakuwepo, kwenye simu za watu, kwenye vibao vya uwandani vilivyowekwa juzi, kwenye tiketi za waliokuwa ndani ya treni wakiimba, mkono wa Bi Nashami uliondoka wakati huohuo.

Chambulikazi alikuja mbio, kofia mkononi.

"Umefanya nini wewe? Umefanya nini? Saa saba na nusu hii!"

"Mkuu, nipe saa mbili."

"Nikupe? Kwani mimi ndiye mwenye maji?"

Lwitiko alikuwa ameshamwita Yusta, naye akaja na kioo cha kuandikia kifuani, macho mekundu, vidole vyeusi kwa wino. Tangu asubuhi alikuwa amemaliza herufi thelathini na moja. Zilizobaki mia moja themanini na tatu.

"Haziwezekani," Yusta alisema. "Siku mbili, nikikimbia."

"Hatuzihitaji zote." Lwitiko alikuwa ameshafungua orodha. Mtu akitengeneza fonti huwaza lugha nzima, hata herufi ya neno lisilosemwa. Lakini lango lilihitaji majina mia moja thelathini na moja tu. Aliyapitisha yote, akakusanya kila sura iliyomo, akafuta zilizojirudia. "Hamsini na nane. Unazo thelathini na moja. Dada, ishirini na saba."

Yusta aliketi chini palepale mbele ya lango, kwenye kokoto, kioo mapajani. Bi Sereni alisimama, akafungua mwavuli, akamfunika jua.

"Andika, mwanangu," alisema. "Ukiharibu nitakucheka, lakini andika."

Mkono wake haukuwa kama wa Bi Nashami. Ulikuwa mpana zaidi, wa mtu anayeogopa kukosa nafasi. Kila alipomaliza sura moja mpaka mwisho wa mkia, Lwitiko aliichukua, akaipa namba, akaipandisha kwenye ngazi, na orodha ukutani kibanda kimoja kikafunguka hapa, viwili pale. Watu waliacha mizigo wakasimama kuangalia. Jina likishajaa lote, mwenye nalo alipiga kelele, "Langu hilo!" akakimbilia langoni.

"Mkono u hai?"

Sasa Yusta ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa. "U hai."

Bi Sereni alipita wa kumi na nne. Alikataa kupanda. Alirudi na mwavuli wake mpaka watu wengine wote waishe.

Saa kumi kasoro robo ilibaki herufi moja na mtu mmoja. Yusta aliishika kalamu juu ya kioo, hakuishusha.

"Herufi hii iko kwenye jina la nani mwingine?" aliuliza.

"Hakuna mwingine," Lwitiko alisema. "Ni la Nashami tu."

Wote walijua. Jina la marehemu haliandikwi siku arobaini. Waliokuwa wameshapanda walitoa vichwa madirishani.

"Lakini huandiki jina," Lwitiko alisema. "Unaandika herufi moja. Mashine ndiyo inayoziunganisha."

Yusta akaiandika, mkia na vyote, akampa kioo. Lwitiko akaipandisha. Pale mbele ya Nashami mdogo, kwenye kioo cha lango, jina likajipanga lenyewe. Lilikuwa jina la bibi yake, kwa mkono ambao haukuliandika. Watu wengi walifunika nyuso.

Nashami mdogo hakufunika. Alisimama na mikono yake ya grisi, akalisoma.

"Mkono u hai?" aliuliza.

"U hai," Yusta alisema. "Lakini hilo sikuliandika mimi."

"Najua, dada."

"Kubali upande," Bi Sereni alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilipasuka. "Nashami, kubali. Nani atakulaumu? Maji hayo."

"Bibi hajazikwa," Nashami alisema. "Nikisema nimekubali nimemwita. Amechoka. Sitamwita." Akamgeukia Lwitiko. "Fundi, lifute. Nipe herufi za serikali. Zile hazina mkono, haziiti mtu."

"Ukichukua hizo huendi nao. Unajua?"

"Najua. Magari yapo kila mahali."

Chambulikazi alipiga filimbi. Lwitiko angeweza kusema maneno mengi. Angeweza kumwambia kwamba ni alama tu, ni namba na sura, kwamba yeye mwenyewe leo amedanganya watu mia mbili na sitini na ardhi haijapasuka. Alibadilisha fonti. Jina likatokea kwa herufi nyeupe zilizonyooka, zile zilizoko kwenye kila kibao cha choo na benki. Nashami alikubali. Mlango uliofunguka ulikuwa wa behewa la nyuma, la orodha ya jumla. Alipanda na begi lake la spana, akakaa dirisha la upande wa pili.

*

Treni ya sita iliondoka saa kumi na dakika nane. Mwili wa Bi Nashami ulikuwa ndani yake, behewa la tatu, umefungwa kwa shuka na mkeka. Behewa la nyuma lilikatwa kwenye njia panda.

Uwandani watu wa treni ya nne na ya tano waliambiwa. Hawakumpiga mtu. Nyumba walizopewa walikataa kuziingia, wakalala nje ya milango yao hadi siku arobaini, mvua ikiwakuta, mpaka Yusta alipowaandika upya mmoja mmoja. Wazee wawili na mtoto mmoja walikufa kwa kichomi katika siku hizo. Fundi cherehani aliingia nyumbani mwake siku ya thelathini na nane.

Yusta Kerone alimaliza herufi mia mbili na kumi na nne, na viungo vyake vyote, mwaka uliofuata. Ana wanafunzi watatu. Nao huacha mikia.

Bi Sereni alifariki mwaka wa pili, kwa presha. Arobaini ilipopita, jina lake liliandikwa na mkono wa Yusta, mkia unazungushwa mara moja.

Bwana Chambulikazi alipandishwa cheo. Alipeleka ripoti kwamba uhamisho ulikwenda bila tatizo. Mkisiaji inatumika sasa kwenye vituo vingine vyote, na vibanda havionekani tena.

Lwitiko aliutoa ufunguo wa ngazi, akampa Yusta. Alirudi njiani. Anatengeneza fonti za watu bado, na kabla ya kuanza humwuliza kila mmoja akifa nini kifanyike. Wengi humcheka. Uwandani hajakwenda.

Nashami mdogo alipangiwa mji wa bandari, karakana ya winchi. Siku ya arobaini na moja Yusta aliliandika jina lake kwa mkono wake, lote, akalituma kwenye orodha ya Wamweto. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, kwa herufi za serikali. Orodha ilikuwa imefungwa.